Swali la Chiriku

Mchana ule Mwalimu alivaa gauni la kijani, kwa sababu Fundi aliwahi kumwambia kwamba rangi hiyo humfanya aonekane kama mtu aliyelala vizuri. Sifa za Fundi zote zilikuwa za namna hiyo, unazipokea huku hujui ucheke au ushukuru, na Mwalimu alikuwa amezizoea mpaka sifa za watu wengine zikawa hazimpendezi tena.

Walikuwa sebuleni kwa Shangazi, dada mkubwa wa Fundi, kwenye viti vilivyotandikwa vitambaa vyeupe mgongoni. Baba Mkubwa, kaka yao, alikuwa amejichagulia kiti cha karibu na feni. Kwenye zulia, miguuni pa Mwalimu, alikaa Chiriku, binti pekee wa Fundi, akiwa amevaa shingoni ubao wake wa picha.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake. Mtoto alifikisha umri wa kusema asiseme, watu wakaanza kunong'ona, na mama yake akawaambia huyu ana maneno mengi kuliko ninyi nyote, ngojeni tu. Akaanza kumwita Chiriku, jina la ndege asiyenyamaza. Masikio ya mtoto yalikuwa mazima na akili yake ilikata kama wembe. Ulimi tu ndio uliogoma kumtii tangu azaliwe. Kwa miaka mingi, alipotaka kitu na watu wasimwelewe, alijing'ata mkono.

Ndipo alipopelekwa kwenye darasa la Mwalimu, darasa la watoto wasiosema. Mwalimu alimtengenezea ubao wa plastiki ngumu, mkubwa kama sinia, akaujaza picha alizochora mwenyewe: maji, choo, baba, mama, nyumbani, nataka, sitaki, uso unaocheka, uso unaolia. Chiriku alianza na maji. Haukupita muda, siku moja baba yake alipokuja kumchukua, aligusa picha ya baba, kisha akagusa picha ya mtu aliyeegemea ukuta. Baba amechoka. Fundi, mwanamume mwenye mabega ya kubeba friji peke yake, aligeukia ubao wa darasa akajifanya anasoma hesabu zilizoandikwa pale. Alisimama hivyo muda mrefu. Mwalimu aliutazama mgongo wake na akajua kwamba ameshaingia mahali ambapo kutoka kwake hakutakuwa rahisi.

Sasa walikuwa wanataka kuoana, na Shangazi hataki.

"Mimi sina ubaya na wewe, Mwalimu," Shangazi alisema, akimimina chai. "Lakini tuseme kweli. Wewe ulikuja kumfundisha mtoto, ukaishia kumfundisha baba."

Baba Mkubwa alikohoa ndani ya kikombe.

"Dada," Fundi alisema.

"Niache niseme. Huyu mtoto nimemlea mimi tangu mama yake..." Akamtupia Chiriku jicho, akabadilisha sauti. "Tangu mama yake aliposafiri. Nimemwogesha, nimemlisha, nimelala naye akiwa na homa. Sitaki aletewe mtu wa kumzoea, halafu kesho huyo mtu abebe begi lake aende zake. Ninyi mnasema siku hizi mtoto anasema. Haya, aseme. Muulizeni yeye."

Neno *aliposafiri* lilimgonga Mwalimu masikioni, maana alijua kwamba mama wa Chiriku alifariki mwaka juzi baada ya kuugua sana. Lakini lilipita haraka, na yeye alikuwa na wasiwasi wake mwingine, akaliacha lipite.

Shangazi aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Chiriku, mwanangu. Unataka Mwalimu awe mama yako?"

Chiriku aliutazama ubao wake. Kidole kikatembea polepole, kikasimama kwenye picha ya *nataka*. Kikahama, kikasimama kwenye picha ya *mama*.

Shangazi alipiga kigelegele. Baba Mkubwa akapiga makofi, akamshika Fundi bega na kumtikisa kama mti wa matunda. Watu walikuwa wanashikana mikono na kucheka, na hakuna aliyekuwa anautazama ubao tena isipokuwa Mwalimu, kwa sababu kutazama kidole mpaka mwisho ndiyo ilikuwa kazi yake.

Kidole kilikuwa hakijamaliza. Kilishuka hadi kwenye kona ya chini, kwenye picha ya mtu aliyenyoosha mikono huku akiangaza huku na huku. *Wapi*. Chiriku aliigusa, akaigusa tena, akainua macho.

Nataka mama. Wapi?

Kiganja cha Mwalimu kilishuka juu ya ile picha kabla hajajua kwamba amekishusha. Kikaifunika picha, kikafunika na kidole cha mtoto.

"Tazameni hao wanavyoshikana," Shangazi alisema, na macho yake yalikuwa na maji. "Haya, mimi nimekubali. Njoo nikukumbatie, mwanangu."

Mwalimu alikumbatiwa. Juu ya bega la Shangazi alikutana na macho ya Fundi, macho ya mtu aliyeshushiwa mzigo aliobeba tangu asubuhi, na alijikuta anamrudishia tabasamu. Chini kwenye zulia, Chiriku aliuvua mkanda shingoni, akauweka ubao kando na kuugeuza kifudifudi.

* * *

Kesho yake darasani Chiriku hakutaka ubao. Mwalimu alimvalisha, mtoto akauvua. Akamwekea mezani, akausukuma. Alikaa amekalia viganja vyake, anatazama dirishani.

Darasa liliendelea. Mapacha wawili wanaosema kwa ishara za mikono waligombana kimya kimya mpaka mmoja akalia. Msichana wa kiti cha magurudumu, ambaye hujibu kwa kutazama juu akikubali na chini akikataa, alisomewa hadithi na akaikataa. Mwalimu alifanya kazi yake yote kama mtu anayetembea ndani ya maji. Kila alipomaliza jambo moja, macho yake yalirudi kwenye mgongo ule mdogo pale dirishani.

Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kwa kila mzazi, tena kwa ukali: msimmalizie mtoto sentensi. Ngojeni kidole chake kimalize. Aliwahi kumgombeza mama mmoja mpaka akalia kwa sababu ya jambo hilo. Nafsi yake ilimsuta kwa sauti ileile aliyomgombezea yule mama.

Akachuchumaa kando ya Chiriku. "Umenikasirikia?"

Mtoto hakugeuka.

"Una haki," Mwalimu alisema.

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa Shangazi, anataka vipimo vya kiuno cha Mwalimu, maana kuna mshonaji hodari ambaye akichelewa kuambiwa hujaa kazi. "Na mwanangu," Shangazi aliongeza, "jana nilikusema vibaya mbele za watu. Nisamehe. Roho yangu sasa imetua."

Mwalimu alisema hakuna neno, akakata simu, akaingia chooni na kusimama humo akiwa amejishikilia kwenye sinki.

* * *

Karakana ya Fundi ilijaa mafriji yaliyovuliwa milango, yamesimama wazi kama watu wanaosubiri daktari. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya moja, anachomelea bomba. Alipomwona Mwalimu mlangoni uso wake ulifunguka wote.

"Nilikuwa nakuwaza sasa hivi. Dada amenipigia simu mara nne. Jana alikuwa adui yako, leo anataka kukuchagulia viatu."

"Fundi, zima huo moto kwanza."

Aliuzima. Alikuwa mtu wa kusikia sauti, jinsi anavyoweza kusikia mashine na kujua inaumwa wapi. Akasimama, akajifuta mikono kwa kitambaa, taratibu.

"Jana Chiriku hakunikubali," Mwalimu alisema.

"Alikukubali. Aligusa *nataka*, akagusa *mama*. Tuliona wote."

"Aligusa na picha ya tatu. *Wapi*. Ninyi mlikuwa mnashangilia. Hakuwa anajibu swali la Shangazi. Alisikia neno mama, naye akauliza la kwake. Anamtaka mama yake, anauliza yuko wapi. Nami nikaifunika ile picha kwa mkono wangu."

"Uliifunikaje?"

Ilikuwa vigumu kusema, basi akamwonyesha. Aliweka kiganja juu ya friji iliyokuwa karibu, akakibana pale.

Fundi alikitazama kile kiganja. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikutaka wewe. Nilimwona dada yako anacheka, nikakuona wewe, nikaona ile picha moja tu itavunja kila kitu. Sikufikiri. Lakini sitakudanganya kwamba mkono ulijiendea wenyewe, maana niliuacha palepale mpaka mtoto alipoacha."

"Wewe ndiye uliyenifundisha nisimkatize," Fundi alisema. Hakupandisha sauti, na Mwalimu alitamani angeipandisha. "Nilikuwa nikimkatiza kila siku. Nilikuwa namwekea maji akitaka baba, namlaza akitaka kucheza. Ukanikalisha chini, ukaniambia Fundi, hiyo ni sauti ya mwanao, usiishike. Nikakuamini. Mimi nilikupa wewe sauti ya mwanangu uitunze."

"Najua."

"Mtoto asiye na njia nyingine duniani. Hawezi hata kupiga kelele aseme Mwalimu ananiziba."

"Najua, Fundi."

"Usiniambie unajua."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati. Mwalimu alipitisha mkono machoni, kisha akauliza jambo ambalo lilikuwa likimrudia tangu jana.

"Mama yake alipofariki, Chiriku aliambiwa nini?"

Fundi alikaa juu ya kigoda. Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwake, anakikunja na kukikunjua.

"Kwamba amesafiri."

"Nani alimwambia?"

"Dada. Siku ya mazishi alipelekwa kwa jirani. Aliporudi alizunguka vyumba vyote, anafungua milango, mpaka kabati akafungua. Dada akamwambia mama amesafiri." Alivuta pumzi. "Na mimi nilikuwepo. Nilisimama mlangoni nikasikia, nikaona afadhali, kwa sababu mimi mwenyewe nisingeweza kulitamka. Nikajiambia haelewi."

"Na ulipokuja kujua kwamba anaelewa?"

"Nikaogopa zaidi. Kila alipogusa picha ya mama nilijidai sijaona. Nilimwonyesha kitu kingine, gari, paka, chochote." Akainua uso, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kwa hiyo usidhani nakuona peke yako una hatia. Lakini sasa hivi siwezi kukutazama. Nenda, Mwalimu. Nikitulia nitakutafuta."

Mwalimu aliondoka. Alitembea hadi nyumbani kwake bila kukumbuka njia aliyopita, akavua viatu, akatoa rangi na karatasi zake, akakaa mezani. Ubao wa Chiriku ulikuwa na picha ya kifutio na picha ya sabuni. Haukuwa na picha ya kufa. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua maneno ya mtoto, na hakuwahi kufikiri kwamba mtoto angeweza kuhitaji hilo. Aliichora, akaitupa, akaichora tena.

* * *

Fundi alimtafuta siku ya mapumziko, mchana. Alisimama kizingitini, hajaingia.

"Leo namwambia," alisema. "Dada anasema tumerukwa na akili. Anasema mtoto atavunjika. Lakini amekubali kuwepo." Akatazama chini. "Mimi sijui kumwambia. Njoo."

Walimkuta Chiriku kitandani kwake, miguu imeninginia. Shangazi alibaki mlangoni na mikono kifuani. Kwa Mwalimu hakutoa salamu. Fundi alikuwa amemweleza yote, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka.

Mwalimu aliubandikia ubao picha mpya ya kaburi lenye maua, akauweka mapajani mwa mtoto, akarudi nyuma hadi kwenye kiti, akaweka mikono yake magotini. Fundi alipiga magoti mbele ya binti yake.

"Chiriku, uliuliza mama yako yuko wapi. Tulikudanganya. Hakusafiri." Sauti ilimkatika, akajikaza. "Mama alikufa. Aliumwa sana, mwili wake ukashindwa kabisa. Tulimzika." Akagusa picha ya mama, akagusa ile ya kaburi. "Hatarudi. Si kwamba hataki. Hawezi."

Chiriku aliitazama picha ya kaburi kwa muda mrefu. Hakulia. Kidole kikainuka, kikaelea juu ya ubao, kikashuka.

*Mimi.*

"Naam," Fundi alisema.

*Samahani.* Ilikuwa picha ya mtoto aliyeinamisha kichwa, waliyoitumia darasani mtu akimwaga maji ya mwenzake. Kisha *mama*. Kisha *njoo*.

Fundi alimgeukia Mwalimu, hajaelewa, au ameelewa na hataki iwe hivyo. Mwalimu alikitazama kidole. Alingoja. Kidole kilirudia safari ileile, kwa haraka zaidi. Mimi, samahani, mama, njoo.

"Anaomba radhi," Shangazi alisema kutoka mlangoni, na mikono yake ilianguka. "Alidhani mama yake alimkasirikia. Miaka yote hii alidhani ni yeye."

Fundi alimvuta mtoto kifuani, ubao na wote. "Hukukosa kitu. Unanisikia? Hukukosa hata kidogo. Mimi ndiye niliyekosa. Mimi baba yako." Akalia, mwanamume mzima, bila kugeuza mgongo safari hii, na Chiriku akalia naye, kilio chake cha pumzi tupu ambacho mtu asiyemjua asingekijua kama ni kilio. Shangazi aliketi sakafuni palepale aliposimama, akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

Walipotulia, Mwalimu alisogea akapiga magoti alipokuwa amepiga Fundi.

"Na mimi, Chiriku. Uliponiuliza, nilikufunika kidole. Nilikuwa nimekusikia vizuri. Samahani." Akaigusa ile picha ya mtoto aliyeinama.

Chiriku alimtazama usoni. Akaushika mkono wa Mwalimu, akauinua kutoka kwenye ubao, akauweka juu ya goti la Mwalimu mwenyewe na kuupiga kofi dogo, kama anavyofanya mtu mzima kwa mtoto anayegusagusa vitu. Halafu akagusa *kwenda*, na kaburi.

"Kesho," baba yake alisema. "Kesho asubuhi nitakupeleka."

Shangazi alifuta pua. "Sasa ile habari ya harusi," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wala upole. "Mimi nilishapiga vigelegele vya jibu ambalo halikutolewa."

"Dada, si leo," Fundi alisema.

"Siulizi. Nasema tu kwamba mtoto bado hajajibu."

Lakini masikio ya Chiriku yalikuwa mazima. Aligusa picha ya Mwalimu, uso wenye miwani. Akagusa *nyumbani*. Akatafuta tena, akakipata alichokitaka upande wa chakula: sufuria jikoni, imefunikwa, moto unawaka chini yake. Mwalimu aliichora kwa ajili ya watoto waliolilia chakula kabla hakijaiva. *Bado.*

"Mwalimu, nyumbani, bado," Fundi alisoma.

Shangazi aliutazama ubao, akamtazama Mwalimu. "Hujaiva," alisema. Kitu kama kicheko kikamponyoka puani katikati ya machozi. "Wala mimi sijakusamehe, usidhani. Lakini umesikia."

"Nimesikia," Mwalimu alisema.

Fundi alimsindikiza mpaka getini. Walisimama wakiwa wameachiana nafasi, na mwanga wa alasiri ulionyesha jinsi usingizi ulivyokuwa umewapita wote wawili. Mwalimu alitamani aguse ule mkono wenye alama za kuungua, mkono alioujua, lakini aliona hastahili, akaubana wake kwenye mkanda wa mkoba.

"Nina hasira na wewe," Fundi alisema.

"Ni haki yako."

"Nina hasira na mimi mwenyewe pia, na nashindwa kujua ipi ni ipi. Na nakupenda. Hilo nalo halijaenda popote." Akashika fremu ya geti. "Sijui nianze na lipi."

"Anza na hasira," Mwalimu alisema. "Usiifunike. Hilo jingine litangoja."

Fundi alimtazama kwa muda, kama anavyotazama mashine iliyomshinda ambayo hata hivyo hataki kuitupa. Akamfungulia geti. Mwalimu akatoka, akashika njia, na hakuthubutu kugeuka, kwa kuwa hakusikia geti likifungwa nyuma yake.